Kesi ya Posti: Jinsi Wakazi wa Viunga vya Nakuru Walivyoacha Nusu ya Malalamiko Yao

Katika mkutano wa kwanza wa wakazi, daftari la katibu lilijaa haraka. Meno ya watoto yaliyogeuka kahawia, vipele, vikohozi, mbuzi waliokufa, mimba zilizoharibika, sukumawiki iliyonyauka, mabati yenye kutu, harufu ya usiku. Yote yalielekezewa kiwanda kimoja kilicho upande wa juu wa mtaa, kinachotia dawa posti za stima. Kufikia siku ombi lilipowasilishwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Nakuru, mengi ya hayo yalikuwa yameondolewa, na la kwanza kuondolewa ndilo lililokuwa likipigiwa kelele zaidi: meno. Uamuzi huo ulikaribia kuwagawanya wakazi pande mbili. Kwa maoni yangu, ndio pia ulioipa kesi miguu ya kusimamia.

Kiwanda sitakitaja, wala mtaa. Kesi ingali mbele ya jaji, na ndani ya faili mna vipimo vya watoto wa watu. Nimeifuatilia kwa karibu kama msaidizi wa kisheria wa kujitolea upande wa wakazi, kwa hivyo msomaji ajue naegemea wapi.

Tuanze na kazi yenyewe. Posti ya stima hapa kwetu kwa kawaida ni mkaratusi. Ukiusimamisha ardhini bila dawa, mchwa na kuvu hawachelewi kuumaliza. Ili udumu, hukaushwa, ukaingizwa ndani ya silinda ndefu ya chuma, hewa ikafyonzwa, kisha dawa ikasukumwa kwa shinikizo hadi ipenye kwenye nyuzi za mti. Dawa iliyozoeleka kwa miongo mingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Shaba huzuia kuvu, arseniki huzuia mchwa na wadudu wengine, na kromiamu huzishikanisha na mti zisioshwe na mvua. Ule ukijani wa posti mpya unatokana na mchanganyiko huo. Marekani, watengenezaji waliacha kuuza mbao za dawa hii kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, ingawa kwa posti za stima inatumika hata huko. Hapa Kenya, mradi wa kusambaza stima mashinani ulipopamba moto kuanzia 2015, posti zilitakikana kwa wingi, na kiwanda hiki kikaongeza zamu.

Posti ikitoka kwenye silinda bado inadondosha. Inapaswa kulazwa juu ya sakafu ya saruji yenye mteremko kidogo na mfereji wa kurudisha matone kwenye tangi, chini ya paa, mpaka dawa ishike. Hapo huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, kutegemea joto. Bila paa, mvua za Aprili za Nakuru huosha posti, huosha sakafu, na maji hutafuta bonde. Bondeni ndiko kuliko na visima vya watu, vile vya kuchimbwa kwa sururu na kufunikwa kwa kipande cha bati.

Hiyo ni njia moja ya sumu. Ya pili haikushukiwa na mtu yeyote mwanzoni: vipande. Posti ikikatwa kufikia urefu unaotakiwa, ncha hubaki. Kwa miaka mingi vipande hivyo viligawiwa au kuuzwa kwa bei ya kutupa langoni mwa kiwanda. Ni kuni kavu, zinashika moto upesi. Akina mama walizipikia githeri, na wengine wakajengea vibanda vya kuku. Mti uliotiwa dawa hiyo ukichomwa, sehemu ya arseniki hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu pamoja na shaba na kromiamu. Na majivu katika mitaa yetu hayatupwi hivi hivi. Hunyunyizwa kwenye sukuma kufukuza wadudu, humwagwa chooni kukata harufu, na hutumiwa kusugua sufuria.

Mama mmoja alieleza jinsi mbuzi wake wawili walivyokuwa wakikata kamba ili wafike kwenye lundo la majivu nyuma ya jikoni. Majivu ya namna hiyo yana ladha ya chumvi, mifugo huyalamba kwa uchu, na visa vya ng'ombe waliokufa kwa kuyalamba vimeandikwa katika nchi kadhaa. Mbuzi wake waliharisha usiku kucha na asubuhi wote wawili walikuwa wamekufa. Afisa wa mifugo alimwandikia kwenye kijikaratasi: sumu, chanzo hakijulikani. Alikitia ndani ya Biblia akakisahau. Leo kijikaratasi kile ni kielelezo kwenye faili ya mahakama, na kina uzito kuliko nusu ya daftari la katibu, kwa sababu kina tarehe, mhuri na saini ya mtu ambaye hana faida yoyote katika kesi hii.

Sasa meno. Yeyote aliyekulia Nakuru, Njoro, Gilgil au Naivasha anayajua. Maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili huvuka hapo. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno ya kudumu yanajiunda ndani ya ufizi, yatatoka na madoa ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa kwa miaka mingi ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa sababu ya tatizo hilo hilo. Dawa ya posti haina floraidi. Hilo halina mjadala.

Lakini jaribu kumwambia hivyo mzazi ambaye amekaa mwaka mzima akiamini amempata mkosaji. Wakili wa wakazi alipopendekeza suala la meno liondolewe, baba mmoja alisimama akauliza kama mwanawe, anayeziba mdomo kila akipigwa picha, si mwathiriwa wa kutosha. Wengine walinong'ona kuwa wakili amepewa kitu na kiwanda. Kilichotuliza mambo hakikuwa hotuba. Wakili aliwaomba wazee waliozaliwa mtaani humo kabla ya kiwanda kujengwa watabasamu. Watu walicheka, na jibu likawa limepatikana.

Hoja yake ilikuwa ya kimkakati, na bado naiona sahihi. Ukiyaacha meno ndani ya kesi, upande wa pili utaleta mwanajiolojia mmoja. Ataeleza kwa saa moja kwamba floraidi ya Nakuru ni ya tangu enzi za volkano, na atakuwa anasema kweli. Kuanzia hapo kila dai lingine litabeba doa hilo hilo. Jaji atajiuliza kama hawa watu hawabandiki tu kila ugonjwa kwenye ukuta wa jirani tajiri.

Mtego wenyewe ni mpana zaidi ya meno, maana katika maji ya miamba ya volkano arseniki ya asili nayo huweza kuandamana na floraidi. Kwa hiyo hata kuonyesha arseniki kisimani peke yake hakutoshi. Kiwanda kitasema ni ya Mungu. Jibu liko kwenye kuandamana kwa metali tatu. Miamba inaweza kutoa arseniki, ila shaba, kromiamu na arseniki zikipatikana pamoja, zikiwa nyingi karibu na ukuta wa kiwanda na kupungua kadiri unavyoteremka, huko ni kupata alama za vidole. Kisima kirefu cha pampu cha shule kilichunguzwa pia: kilikuwa na floraidi tele, kromiamu hakuna. Visima vifupi vya bondeni vilikuwa na metali zote tatu. Ulinganisho huo mmoja, kwa maoni yangu, ndio uti wa mgongo wa kesi nzima.

Haukupatikana mara ya kwanza. Vijana wa mtaa walikuwa wamekwisha kukusanya maji kwenye chupa za soda na kuyapeleka maabara kwa matatu, bila kuandika nani alichota, wapi, wala saa ngapi. Baadhi yalichotwa kwenye ndoo za jikoni, nyingine zikiwa na kichujio cha mkaa wa mifupa. Majibu yalikuja yakipingana, na kwa wiki kadhaa mtaa ukawa na uvumi kwamba maabara imehongwa. Maabara haikuwa na kosa. Sampuli ya kupima metali huchotwa moja kwa moja kisimani kwa chupa ya plastiki iliyosafishwa kwa asidi, hutiwa tone la asidi ya naitriki ili metali zisinate kwenye kuta za chupa, hubandikwa lebo, na kila mkono inaopitia hutia saini kwenye fomu. Fomu ile ikikosa saini moja, wakili wa upande wa pili atakaa hapo siku nzima. Duru ya pili ilichotwa na mtaalamu wa maabara iliyoidhinishwa, chifu na mwakilishi wa Nyumba Kumi wakishuhudia.

Vipimo vya mwili vilikuwa shughuli nyingine. Arseniki kwenye mkojo husimulia habari za siku chache zilizopita; ukitaka kujua ya miezi, unahitaji kucha au nywele. Sasa nenda mtaani ukawaombe wazazi wakupe kucha za watoto wao uzitie kwenye bahasha. Sihitaji kueleza watu walifikiria nini. Muuguzi wa zahanati, ambaye ni mwenyeji, ndiye aliyeokoa jahazi: alikata kucha za wanawe mwenyewe kwanza, mbele ya watu, na kila mzazi akapewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na nakala ya kubaki nayo.

Ushahidi mtamu zaidi, hata hivyo, ulitoka kwa kiwanda chenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, nayo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Wakazi waliandikia Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, wakiomba tathmini ya athari za mazingira ya kiwanda na ripoti za ukaguzi wa kila mwaka. Majibu yalivuta miguu, barua ya kukumbusha ikaandikwa, hatimaye bahasha ikaja. Ukizisoma ripoti hizo kwa kufuatana, unakutana na sentensi moja iliyonakiliwa neno kwa neno mwaka baada ya mwaka: kwamba paa juu ya sakafu ya kudondoshea litajengwa katika mwaka ujao wa fedha. Kiwanda kiliijua hatari, kikaiandika, kikaitia saini. Mdhibiti akapokea, akagonga mhuri, akaweka kabatini.

Hapo ndipo swali la nani ashtakiwe lilipobadilika. Wakazi walikuwa na hasira na mwenye kiwanda tu. Wakili aliwaonyesha yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kilianza kazi 2007 na kufungwa 2014, kikiwa kimewaachia wakazi sumu ya risasi kwenye damu. Ombi lao lilikuwa la mwaka 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa shilingi bilioni 1.3, na sehemu kubwa kuliko zote ya lawama, asilimia 40, ikaangukia NEMA kwa kutoa leseni na kutosimamia. Mahakama ya Rufaa iliitengua tuzo hiyo 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Wanaowaambia wakazi kwamba kesi ya mazingira ni ya mwaka mmoja wahesabu wenyewe.

Owino Uhuru iliamua pia umbo la kesi ya Nakuru. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kesi ya madai ya kawaida ya uwakilishi, chini ya Amri ya 1 kanuni ya 8 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, ambapo wachache hushtaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi yale yale baada ya wote kupewa notisi. Humo kila mtu anayetaka fidia ya ugonjwa atadaiwa kuthibitisha kuwa ugonjwa wake, yeye, umetoka kiwandani. Isitoshe kuna saa inayohesabu: miaka mitatu kwa madhara ya aina hiyo, na miezi 12 pekee ukiishtaki Serikali. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri huweza kumnusuru aliyechelewa kujua kilichomuumiza, lakini lazima aombe ruhusa.

Njia ya pili ni ombi la kikatiba. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi zima. Na Ibara ya 70 inasema waziwazi kwamba mlalamishi halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu amepata hasara au kuumia; mahakama inaweza kuzuia uchafuzi, kumlazimisha afisa wa umma achukue hatua, na kutoa fidia. Wakazi walichagua hii. Ndiyo maana mimba zilizoharibika na vikohozi havimo kama madai ya kulipwa. Vimetajwa kwenye hati za kiapo kama sababu ya hofu, na wenye navyo wameachiwa nafasi ya kufungua madai yao binafsi.

Wapo mawakili watakaosema huo ni uoga, kwamba kesi bila wagonjwa haina moyo. Sikubaliani nao. Arseniki huchukua miaka kuonyesha inachofanya kwenye ngozi za viganja na nyayo, na saratani zake huchelewa zaidi. Kumngoja mtoto wa miaka sita augue ndipo upate ushahidi ni ukatili, na Katiba haikutaka hivyo.

Nani ni "wakazi" basi? Hili liligharimu mikutano mingi kuliko sayansi yote. Wenye plot waliogopa neno sumu lingeshusha bei ya ardhi na kuwafukuza wapangaji. Wapangaji waliuliza watapata nini ikiwa fidia itahesabiwa kwa hatimiliki. Wafanyakazi wa kiwanda, ambao ni majirani na wengine ni waumini wa kanisa moja na waliowashtaki, walijua kiwanda kikifungwa wao ndio wa kwanza kulala njaa. Mwafaka ulikuwa kufafanua kundi kwa maji na si kwa hati: yeyote aliyeishi chini ya mstari fulani wa mteremko na kutumia visima vilivyotajwa, mwenye plot au mpangaji. Wafanyakazi walielekezwa kwenye njia yao, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambapo madai huanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Baadhi wameyafungua. Wengine wameacha kutusalimia.

Palipo na neno fidia dalali hakosekani. Mmoja alipita nyumba kwa nyumba akiandikisha majina kwa ada ndogo na kuahidi wakili wa "kulipwa mkishinda". Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haitambui mapatano ya wakili kulipwa tu kesi ikishinda, kwa hivyo karatasi zake zilikuwa takataka tangu siku ya kwanza. Pesa za waliolipa hazijarudi.

Kesi ilipofika mbele ya jaji, kiwanda kilisema kama ilivyotarajiwa: maji ya Nakuru yana madini tangu zamani, na vipande vya kuni watu walivichukua kwa hiari yao. La pili lilijiumiza lenyewe, kwa kuwa stakabadhi za kuuzia vipande hivyo zilipatikana zikiwa na mhuri wa kiwanda. Jaji alitoa agizo la muda la kuzuia vipande kutoka langoni, akaagiza posti mbichi zifunikwe, na akazitaka pande zote zichote sampuli kwa pamoja, chini ya mtaalamu mmoja waliyekubaliana. Kesi itatajwa tena ripoti hiyo ikiwa tayari. Wakati huo huo, familia zenye watoto wenye meno ya kahawia zimeandikia idara ya maji ya kaunti barua yao wenyewe kuhusu kisima cha shule, na kamati ya kesi imetia saini kuwaunga mkono. Ilikuwa deni.

Yapo niliyowalaumu wanakamati, na nitayasema hapa. Maombi yao yanataka kiwanda kijenge paa, udongo usafishwe, visima vifungwe na maji ya bomba yaletwe, na fidia ilipwe. Hayataji popote ufuatiliaji wa afya ya watoto kwa miaka ijayo kwa gharama ya walioshtakiwa, ilhali madhara ya arseniki huchelewa kuliko kesi. Hayasemi pia sufuria ya fidia itashikwa na nani wala kugawanywa vipi, na ugomvi wa mtaa wowote huanzia hapo. Ombi bado linaweza kurekebishwa kwa ruhusa ya mahakama kabla ya kusikizwa. Rasimu ya marekebisho iko kwa wakili. Inasubiri kamati ikubaliane kama akaunti itakuwa na watia saini watatu au watano, na kama mmoja wao atakuwa mpangaji.